Jicho Nililoificha Timu

Maisaka, Babati
Jumamosi, alasiri

Danieli mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima, maana hilo ndilo swali lenyewe, na nikilianza hapa juu nitashindwa kuendelea. Umetoka mchana huu kwenda Nangara kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi ninavyowajua shangazi zako, hawatakuachia kabla jua halijaanza kushuka. Nami naandika kungali na mwanga. Mafuta ya taa yamebaki kidogo chini ya kibatari, na mama yako amesema hayo ni ya kesho alfajiri, ili usije ukavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Karatasi hizi ni fomu za zamani za mashine ya kusaga. Ukizigeuza utaona majina ya watu na madebe ya mahindi yao. Usinicheke. Karatasi za barua zilitoweka madukani pamoja na sukari.

Mama yako ameshakupa ya kwake, nimemsikia kupitia ukutani: kipande cha sabuni ukikate mara mbili, blanketi usimwazime mtu, kanisa lisikupite. Sitayarudia. Mimi nataka kukuandikia jambo moja ambalo nalijua kuliko mtu yeyote wa Maisaka, nalo ni woga wa kipa.

Naogopa, Danieli. Nimeogopa kwa wiki tatu mfululizo, nikila, nikilala, nikifunga mkanda wa mashine. Siku ile mlipocheza na vijana wa Dareda nilikuwa nimesimama nyuma ya goli lako. Krosi ile uliitokea vizuri. Mpira uliupata wewe kwanza, hilo hakuna wa kukunyima, halafu goti la yule kijana mrefu likakupiga hapa juu ya sikio. Ulianguka ukiwa umeukumbatia mpira, na watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni, na nilifika arobaini kabla hujafumbua macho. Ukasimama, ukapiga mpira mbele, ukageuka ukaniuliza, "Baba, kipindi cha pili kimeanza?" Nikakujibu kimeanza. Ikapigwa kona, ukaokoa, ukageuka tena, "Baba, kipindi cha pili kimeanza?" Ulipouliza mara ya tatu nilikuonyesha tu mpira kwa kidole.

Tukiwa njiani kurudi ulinishika mkono, jambo ambalo hujalifanya tangu uache kunyoa kipara cha shule. Ukasema, "Baba, usimwambie Mama. Usimwambie mtu yeyote. Yule katibu kutoka Morogoro anakuja." Nikakuahidi. Bwana Mchome akaja kweli, akakuona ukipangua penalti, akasema kijana huyu atakuja kudakia timu ya kiwanda chetu, ataandikwa karani wa stoo lakini kazi yake itakuwa golini. Nami nilikuwa nimekaa naye benchi moja, nikila karanga zake, na sikufungua mdomo ila kutafuna.

Tangu hapo nakuchunguza. Jumanne ulimimina maji pembeni ya ndoo, ukayatazama yanavyotiririka. Jumatano ulimwita dada yako kwa jina la shangazi yako marehemu. Juzi asubuhi ulishika fremu ya mlango, ukasimama hivyo kwa muda, na uliponiona ukajifanya unakagua bawaba. Bawaba haina tatizo, mwanangu. Nami nilikuwa kipa, najua kujifanya.

Umekua ukisikia watu wa mji huu wakisema Mathiasi alikuwa kipa asiye na woga. Hata mzee wa duka la ushirika huniambia hivyo ninapopanga foleni, ingawa sifa hizo hazijawahi kunisogeza mbele hata hatua moja. Sasa nikuambie ukweli. Niliuogopa mpira tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kabla ya mchezo nilikuwa nakwenda kushika nguzo ya goli kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, na watazamaji wakadhani naomba dua. Nilikuwa nazuia mikono isitetemeke. Wapo waliodai nguzo ile nimeifanyia dawa. Niliwaacha waamini hivyo, kwa sababu mtu akidhani una dawa hatakuuliza kama unaogopa.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa fundi katika shamba moja la ngano upande wa Hanang. Wewe ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Fundi mkuu wa gereji alikuwa Mkanada mmoja tuliyemwita Rosi, mtu mnene, mwenye uso uliokuwa na makovu mengi kuliko ubao wa kukatia nyama. Timu yetu ilicheza uwanja ulio nyuma ya gereji. Rosi hakuwa akitazama mchezo. Alikuwa anakuja kusimama nyuma ya goli langu peke yake, ananiangalia mimi tu, hata mpira ukiwa upande wa pili. Nikamshtakia Bura kwamba mzungu huyu ananitia mkosi. Bura alikuwa kipa wetu wa akiba. Tulilala chumba kimoja, tukapika sufuria moja, na glovu zilikuwa jozi moja, za sufu, tulizopewa na mke wa Mzungu mwingine. Akidaka yeye anavaa yeye, nikidaka mimi navaa mimi, na karibu siku zote nilivaa mimi.

Bura akanijibu, "Hakutii mkosi. Na yeye ni kipa, nimemwona anavyosimama."

Ilikuwa kweli. Rosi alikuwa ameajiriwa miaka kumi na moja kama kipa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kama vile mwingine alivyo dereva, ila siyo kipa wa mpira huu. Kwao, alisema, maji ya ziwa hugeuka barafu ngumu kama mawe wakati wa baridi, na watu huingia juu yake na viatu vyenye visu chini. Nikamuuliza, "Na viboko je?" Nilikuwa nafikiria ziwa letu hapa Babati, viboko wamebanwa chini wanagonga kwa vichwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Mpira wenyewe si wa duara. Ni kisahani cha mpira mweusi, kigumu kama soli ya katambuga, na wanakipiga kwa fimbo ndefu kikaja kwa kasi ambayo hukioni, unakisikia tu. Yeye aliwekwa golini utotoni kwa sababu alikuwa mdogo wa mwisho kwao na hakujua kukimbia na vile viatu.

Alikuwa akinieleza hayo tukiwa chini ya matrekta, kidogo leo, kidogo kesho, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Aliondoka kwao akiwa na umri kama wako. Timu aliyokwenda ilikuwa na makipa wawili, mmoja anacheza, na mwingine kazi yake ni kukaa mwisho wa benchi na kuwafungulia wenzake kilango cha uzio wanapoingia na kutoka uwanjani. Miaka miwili Rosi alifungua kilango. Mwaka wa tatu yule kipa wa kwanza aliumia goti, naye akawa mkweli, akamwendea mwalimu akasema goti linaniuma. Rosi akapewa goli kwa wiki moja. Yule mwenye goti hakulipata tena. Alifungua kilango msimu mmoja, halafu hata kilango akanyang'anywa.

Unaona Rosi alijifunza nini hapo. Alijifunza kwamba asiseme. Akapigwa na kile kisahani kwenye paji la uso, akaona taa zimekuwa nyingi, hakusema. Akapigwa tena, hakusema. Siku moja walipotoka mapumziko alikwenda kusimama kwenye goli la wapinzani, uwanja mzima ukacheka, naye akacheka nao akajifanya alikuwa anatania. Aliponisimulia hilo na mimi nilicheka. Nilidhani ni hadithi ya kuchekesha. Sikujiuliza kwa nini kila trekta alilokuwa analitengeneza aliliandika kwa chaki ubavuni, kwamba hili ni la pampu, hili ni la gia, na kwa nini asubuhi alizunguka akiyasoma maandishi yake mwenyewe kabla ya kushika spana.

Sasa nakuja kwenye yangu, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Tulicheza na timu moja ya kutoka Kondoa. Nilitoka kupangua mpira wa chini, kiatu cha mshambuliaji kikanipata chini ya jicho la kushoto. Uso ulivimba, ukapona. Lakini uvimbe ulipokwisha, mipira ikawa miwili. Kila mpira uliokuja kutoka kushoto ulikuja na mwenzake. Nikajifunza kuudaka ule wa kulia, na mara nyingi ndio uliokuwa wa kweli. Mwezi wa kwanza nilijipongeza kwa ujanja huo. Kisha mpira wa pili ukaanza kupotea, na kwa jicho hilo nikawa naona ukungu tu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa namtazama Bura amekaa pale pembeni ya uwanja, mikono mitupu, na nilimwogopa kuliko nilivyoogopa upofu. Methali ya mficha maradhi nilikuwa nimeikariri tangu darasa la tatu. Haikunisaidia kitu.

Rosi aligundua. Siku moja gerejini aliniita, na nilipogeuka akanirushia nati kwa upande wa kushoto. Ikanipiga shavuni. Akarusha ya pili, ikanipiga pale pale. Hakurusha ya tatu. Alinishika bega akasema, "Mathiasi, wewe sema. Mimi hapana sema, sasa mimi soma trekta kama mtoto." Nikamjibu kwamba jua lilikuwa machoni. Tulikuwa ndani ya gereji, Danieli. Alinitazama sana, kisha akaniacha nirudi kazini.

Mabao yakaanza kuingia, yote kutoka kushoto, yote ya juu. Unawajua wazee wa kamati ya timu, kila timu inao. Hawakusema Mathiasi ameumia. Walisema Mathiasi amechezewa. Wakaleta mtaalamu, mzee mmoja mwenye koti la mvua kipindi cha kiangazi, akazunguka goli mara saba, akasimama kwenye nguzo ya kushoto. Akasema chini hapa kuna kitu, na aliyekifukia ni yule anayekula naye na kulala naye. Wakachimba. Ukichimba mahali popote katika uwanja ule utapata kitu, kuna mifupa ya ng'ombe kila mahali. Wakatoa kifupa na kitambaa kilichooza, na wote wakageuka wakamtazama Bura.

Bura hakujitetea. Alinigeukia mimi. Alikuwa anangoja niseme neno moja, kwa kuwa ni mimi niliyelala naye chumba kimoja na kujua kwamba usiku hatoki. Nami nilijua zaidi ya hapo. Nilijua ni jicho. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikatazama chini, nikasema, "Mimi sijui. Wazee ndio wanajua."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nimejaribu kukumbuka kama nilisema vizuri zaidi kuliko hivyo, na sikumbuki.

Alifukuzwa timu siku hiyo, na kwa kuwa aliajiriwa kwa sababu ya timu, kazi nayo ikaisha. Alibeba godoro lake kichwani akaondoka. Glovu zikabaki kwangu. Habari zilimtangulia mpaka kwao Mutuka kabla hajafika. Mchumba wake akarudishwa kwao na wazazi. Baadaye alikuja kuoa mama mmoja mjane ambaye naye watu walikuwa wanamsema. Wewe unamjua Bura kama yule mtu wa Mutuka ambaye ukitumwa kwake unaambiwa usikubali maji. Ni mimi niliyempa jina hilo la uchawi. Siku hizi viberiti havipatikani na watu wote wanaombana moto, mtoto anatumwa na gunzi kwa jirani alete kaa. Moshi ukitoka kwa Bura peke yake asubuhi, majirani watapita mlangoni pake wakaenda nyumba ya nne kuomba. Nimeliona kwa jicho langu hili moja.

Na mimi? Mimi nilichaguliwa timu ya mkoa. Ndiyo ile picha mama yako aliyoitundika kuziba ufa wa ukuta. Nilikwenda Arusha na mganga ameshanisafisha, adui ameshafukuzwa, na siku ya kwanza mazoezini nilifungwa matatu kutoka kushoto. Mwalimu akaniita pembeni. Akasimama mbele yangu akanyoosha vidole viwili, akavipeleka taratibu upande wa kushoto, akauliza, "Unaviona?" Ikawa basi. Vidole viwili na dakika moja. Nilirudi Babati kesho yake, na watu waliponiuliza nikasema mkoani kuna upendeleo, watu wa kwetu hawatakiwi. Wakanipa pole. Mpaka leo wapo wanaonipa pole kwa upendeleo ule.

Rosi aliporudi kwao tuliandikiana mara moja. Nilipeleka barua, ikajibiwa na binti yake. Ilibidi nimpelekee padre anisomee. Binti alisema baba yake yuko hai, anakula, ananenepa, ila kila jioni huvaa koti na kuuliza basi la timu linaondoka saa ngapi. Na kwamba alipomsomea jina langu, alifurahi sana, akauliza ni nani.

Nimekuambia haya si kukutisha. Kuogopa mpira si aibu. Rosi aliuogopa, nami niliuogopa, na wewe nimekuona ukilamba midomo kabla ya kona. Woga wa namna hiyo unakufanya utoke golini mapema, ni mzuri. Kosa langu ni kwamba niliacha kuogopa kiatu na jicho, nikaanza kumwogopa mtu aliyekaa benchi. Na kule Morogoro atakuwepo mtu wa kukaa benchi. Au ni wewe utakayekaa, na mtu atakutazama hivyo. Wanawataja wachezaji kumi na mmoja, lakini kipa anaishi na mmoja tu, yule mwenye namba kama yake. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Mlale mkiwa mnasemeshana, basi.

Siku tatu hizi za mwisho nilikuwa na mipango mingi. Nilipanga nikwambie uahirishe. Nilipanga nimwombe padre akuambie. Jana asubuhi dizeli ya mashine ilikuwa imekwisha, foleni ya akina mama wenye ndoo ikasambaa, na mimi nikabaki sina kazi ya kujifichia. Nikatembea kwenda Mutuka.

Bura alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakusimama.

"Karibu, Baba Danieli."

"Ahsante. Habari za hapa?"

"Ni kama unavyoziona."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia kiatu cha Kondoa hadi vidole viwili vya Arusha. Sikujua kama alikuwa anasikiliza, kwa sababu panga halikusimama hata mara moja. Nilipofika mwisho alipuliza mpini, akautazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Hapo ndipo akanitazama. "Mathiasi, mimi nilikuwa najua. Tangu siku ile nilijua kwamba sikufukia kitu. Sasa unatembea mpaka Mutuka kuniambia mimi? Kawaambie wasiojua."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Hiyo tutaizungumza baadaye," akarudia mpini wake. Mke wake akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akasimama akitazama kama nitakunywa. Majirani wawili walikuwa barabarani. Nilikunywa yote, nikaomba mengine.

Kutoka pale sikupita nyumbani, maana ningepita nyumbani ningekaa. Nilikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya wageni karibu na stendi, nikamkuta Bwana Mchome anapiga pasi shati. Nikamwambia kuhusu goti la yule kijana wa Dareda. Nikamwambia arobaini, na kipindi cha pili, na ndoo, na fremu ya mlango. Aliweka pasi chini.

"Mzee, tumekaa pamoja wiki nzima. Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Mwanangu."

Alikaa kitandani akafikiri. Ni mtu mwema, nadhani, lakini ana timu ya kulisha. Akasema tiketi yako imeshakatwa na kesho utasafiri naye, ila kabla hujavaa jezi utapelekwa kwa daktari. Daktari akisema subiri, utasubiri stoo ukiwa karani kweli. Akisema hapana, utarudishwa nyumbani, na nafasi atapewa kijana mwingine waliyemwona Tanga. "Sitaki kukudanganya," aliniambia, "kijana wa Tanga naye ni hodari."

Basi nimefanya hivyo. Nilikuahidi sitamwambia mtu, nikamwambia mtu yule yule uliyemwogopa. Inawezekana nimekuharibia kitu pekee ulichokitaka tangu ukiwa unadaka malimau uani. Inawezekana kichwa chako kimeshapona na mimi ni mzee mwoga aliyemkatia mwanawe njia. Nimeyageuza hayo mawili tangu jana na sijui lipi ni kweli. Ninalolijua ni kwamba ukirudi hapa na hasira, ukikaa nyumba hii mwaka mzima bila kunisemesha, nitakusikia ukitembea. Naweza kuishi na hilo. Lile jingine, la kuja kukuona umevaa koti unauliza basi, siliwezi.

Mama yako nilimwambia mchana huu ulipotoka tu. Alikuwa anachambua maharage. Hakulia wala hakunigombeza. Alimaliza kuchambua, akayamwaga tena kwenye ungo, akaanza upya yale yale.

Na kesho, basi lako likishaondoka, nitawahi ibada ya pili. Nimeshamwomba padre nafasi baada ya matangazo. Nitawaambia kuhusu Bura. Wengi wa wazee wa kamati ile watakuwepo, na mmoja ni mwimbaji wa kwaya. Watanionaje, sijui. Picha ile ya timu ya mkoa nadhani itashuka, na itabidi mama yako atafute kitu kingine cha kuzibia ule ufa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuichomeka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshapita Makuyuni, ukiwa mbali, ukasirike na dirisha la basi. Nimeona nilikuwa nafanya yale yale. Kwa hiyo nitakupa mkononi mara utakapoingia kutoka Nangara, na nitakaa kwenye kigoda mbele yako mpaka ufike kwenye mstari huu. Usinitazame usoni ukishindwa. Tazama chini kama unataka, mimi nilitazama chini.

Umeshafika. Mimi niko hapa. Danieli, kichwa kinauma?

Baba yako,
Mathiasi